Tupeni toleo la Ubelgiji: barua ya wazi kwa wakuu wa Electronic Arts

Kwa Mtendaji Mkuu, Bw. Andrew Wilson, na Bodi ya Wakurugenzi ya Electronic Arts, Redwood City, California. Na kwa wawekezaji waliotangaza mwezi Septemba 2025 kuinunua kampuni hiyo.

YAH: OMBI LA KUSITISHA UUZAJI WA PAKITI ZA BAHATI KATIKA EA SPORTS FC KWA WACHEZAJI WA AFRIKA MASHARIKI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili kwa sababu ningependa isomwe kwanza na wale inaowahusu: vijana wanaoshika pedi kwenye vibanda vya gemu kuanzia Tanga hadi Kisumu na Bujumbura, wazazi wao, na wenye vibanda wenyewe. Ninyi mnao watu wa kuwatafsiria. Mimi ni mwalimu wa sekondari ambaye ameucheza mchezo wenu wa mpira wa miguu, ulioitwa FIFA zamani, tangu enzi za PlayStation 2 na bado anaucheza, kwa hiyo ningeomba msinihesabu miongoni mwa wale wanaoamini kwamba gemu ni uhuni na kwamba dawa yake ni kuvunja mashine. Ombi langu ni moja, nami nalitaja mapema. Mwishoni mwa Januari 2019 mliacha kuuza nchini Ubelgiji pointi za FIFA, zile zinazonunuliwa kwa pesa halisi ili kununulia pakiti za kadi za wanasoka, baada ya tume ya michezo ya kubahatisha ya nchi hiyo kueleza mwaka 2018 kwamba pakiti zenu zinavunja sheria ya kamari. Mchezo haukufa Ubelgiji. Bado unauzwa, bado unachezwa, Ultimate Team, ile sehemu ya kujenga kikosi kwa kadi, ipo, na pakiti hupatikana kwa jasho la uwanjani pasipo kulipa. Tunaomba toleo hilo liletwe huku.

Nianze na sifa, kwa sababu mnastahili, na kwa sababu lawama nitakayoitoa baadaye haieleweki bila sifa hizo. Tangu FIFA International Soccer ilipotoka Desemba 1993 hadi mkataba wenu na FIFA ulipokwisha na mchezo ukaanza kuitwa EA Sports FC mwaka 2023, mmejenga kitu ambacho sisi walimu tunakitamani bila kukipata: mahali ambapo kijana hufikiri haraka, kwa hiari yake, na hukubali kusahihishwa. Kijana ambaye hajawahi kuona ubao wa kocha anajua kwamba beki wa pembeni akipanda mno huacha uwazi nyuma yake, kwa kuwa ameshafungwa mara nyingi kupitia uwazi huo huo. Anajua kwamba kukaba kwa nguvu tangu mbele huwamaliza wachezaji pumzi kabla ya dakika 90, na kwamba winga mwenye kasi asiye na stamina ni wa kuingizwa kipindi cha pili. Nimemsikia mwanafunzi ambaye darasani hukwama kwenye asilimia akieleza, bila kalamu wala karatasi, kwa nini klabu anayoiongoza katika Career Mode haiwezi kumlipa mshambuliaji mshahara anaoutaka mpaka kiungo mmoja auzwe. Somo hilo la bajeti halikutoka kwangu.

Ubora huo una jasho ndani yake. Kwa ajili ya FIFA 22 mliwavika wachezaji 22 mavazi ya kunasa mwendo wakacheza mechi ya kweli, timu mbili kamili, ili mwili wa beki anayegombea mpira wa juu uyumbe kama wa beki mwenye mifupa na uzito. Katika FIFA 16 mliingiza timu 12 za taifa za wanawake kwa mara ya kwanza, na katika FC 24 mkawachanganya wanawake na wanaume ndani ya kikosi kimoja cha Ultimate Team, jambo ambalo lilipigiwa kelele na watu wengi nanyi hamkurudi nyuma. Hayo ni mambo ya watu wanaoujali mpira, na siamini kwamba wahandisi wanaofanya kazi hiyo ndio walioketi na kubuni ninayoyalalamikia.

Hata hivyo, sifa kubwa kuliko zote ni ile ambayo nadhani hamuioni vizuri kutoka California, nayo ni kibanda. Fikirieni chumba kimoja cha mabati chenye televisheni mbili au tatu, mashine ambayo mara nyingi ni ya kizazi kilichopita, pedi mbili kwa kila mashine, na benchi la wanaosubiri zamu. Malipo ni kwa mechi. Anayefungwa anapisha, anayeshinda anabaki, na nyuma yao wamesimama makocha wasio na timu, kila mmoja akieleza kwa sauti pasi ambayo ingepaswa kupigwa. Intaneti haihitajiki. Kadi hazipo, pointi hazipo. Real Madrid ya mtoto wa mwenye duka ni ileile ya mtoto wa mama anayeuza maandazi nje ya kibanda, na kitakachowatenganisha ni vidole na akili. Mbwana Samatta alipokuwa Genk, vibandani waliichagua Genk watu ambao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani; alipohamia Aston Villa Januari 2020 wakahama naye, na alipoifungia Villa pale Wembley tarehe 1 Machi mwaka huo, katika fainali ya Kombe la Ligi waliyofungwa na Manchester City mabao 2-1, bao lake lilirudiwa kwa pedi vibandani siku nyingi baadaye. Mchezo wa watu wawili wanaokaa bega kwa bega na kuanza wakiwa sawa: hicho ndicho mlichotupa, na ninawashukuru kwa dhati.

Sasa nije kwenye Ultimate Team, ambayo mliiunganisha na FIFA 09 mwezi Machi 2009 na ambayo leo ndiyo moyo wa biashara yenu. Kwa mzazi asiyejua, inafanya kazi hivi. Mchezaji hachagui klabu iliyopo; anajenga kikosi chake kwa kadi, na kila kadi ni mwanasoka mwenye alama zake za kasi, pasi, mashuti na kadhalika. Kadi hutoka ndani ya pakiti zilizofungwa, na pakiti hununuliwa ama kwa sarafu zinazopatikana kwa kucheza mechi, ama kwa pointi zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Pointi 12,000 ziliuzwa kwa karibu dola 100 za Marekani, yaani zaidi ya bei ya mchezo wenyewe. Anayelipa hajui atakachopata. Anaona mwanga, anaona handaki la uwanja, anaona bendera ya nchi, kisha nafasi ya uwanjani, kisha nembo ya klabu, moja baada ya nyingine, mapigo ya moyo yakipanda, na mwishowe anatokea kiungo wa akiba ambaye tayari anaye. Kisha mwaka unakwisha, toleo jipya linatoka, na kikosi chote alichokijenga kinabaki kwenye toleo la zamani. Anaanza upya na pakiti mpya.

Kwa michezo ya simu zake, kampuni ya Apple inawataka tangu Desemba 2017 kuonyesha uwezekano wa kupata kila aina ya kadi, na tangu FIFA 19 mmekuwa mkiuonyesha ndani ya mchezo. Ninawapongeza kwa hilo, ingawa kwa kadi zile ambazo kila mtu anazitaka maandishi husema tu "chini ya 1%". Mwalimu wa hisabati angewarudishia jibu hilo. Moja katika mia moja na ishirini ni chini ya 1%, na moja katika laki moja pia ni chini ya 1%, na tofauti kati ya hizo mbili ni pesa ya kijana.

Najua utetezi wenu, kwa sababu mliutoa hadharani. Mwezi Juni 2019 makamu wa rais wenu wa masuala ya sheria na serikali, Bi. Kerry Hopkins, aliiambia kamati ya Bunge la Uingereza kwamba pakiti hizo ni utaratibu wa kushtukiza, akazilinganisha na mayai ya chokoleti ya Kinder yenye kichezeo ndani, na akasema kwamba namna mlivyozitekeleza ina maadili na inafurahisha. Nimelitafakari yai hilo kwa uaminifu. Yai haliuzwi ndani ya chumba ambamo mtoto ametoka kufungwa mabao matano na mpinzani aliyekuwa na washambuliaji wa kadi za bei mbaya. Yai halina saa inayohesabu dakika zilizobaki kabla ofa haijaondoka. Yai halimwambii mtoto kwamba asipolinunua leo, kesho hataweza kucheza sawa na wenzake, na wala kichezeo chake hakimalizi thamani kila mwezi Septemba. Aliyelileta yai kwenye hoja hii aliichagua sehemu moja tu ya jambo, ile ya mshangao, akaziacha nyingine zote.

Utetezi wa pili ni wa kisheria, nao una uzito zaidi. Uholanzi, mamlaka ya michezo ya kubahatisha iliwatoza faini ya euro milioni 10. Mkakata rufaa, na mwezi Machi 2022 Baraza la Taifa la nchi hiyo, ambalo ndilo mahakama yake ya juu ya mambo ya utawala, likaifuta, kwa hoja kwamba pakiti si mchezo unaojitegemea bali ni sehemu ya mchezo mkubwa zaidi ambao ni wa ujuzi. Mlishinda kihalali. Ila hoja iliyowapa ushindi ndiyo inayonitia wasiwasi mimi kama mwalimu. Kwa kuwa dakika 90 za uwanjani ni za ujuzi kweli, kijana anahamisha imani hiyo hadi dukani. Anaamini kwamba hata kufungua pakiti kuna mbinu yake, kwamba kuna saa nzuri na saa mbaya, kwamba ukifungua baada ya ushindi mkubwa mchezo unakukumbuka. Mcheza kamari wa kawaida walau anajua kwamba yuko kwenye meza ya kamari. Wa kwenu anadhani bado yuko uwanjani.

Utetezi wa tatu ni wa takwimu. Mwaka 2021 mlieleza kwamba pakiti 9 kati ya 10 zinazofunguliwa hupatikana kwa kucheza bila kulipa, na kwamba 78% ya wachezaji hawajawahi kununua chochote ndani ya mchezo. Ninazikubali takwimu hizo kama mlivyozitoa. Lakini ziwekeni kando ya taarifa yenu wenyewe ya mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, inayosema kwamba Ultimate Team, katika michezo yenu yote yenye mfumo huo na kwa sehemu kubwa ikiwa ni FIFA, iliingiza dola bilioni 1.62, ambazo ni kama 29% ya mapato yote ya kampuni. Ikiwa robo tatu ya watu na zaidi hawalipi, basi mzigo huo mzima umebebwa na wachache waliobaki, na ndani ya wachache hao wapo wanaolipa kidogo na wapo wanaolipa kupita kiasi. Utafiti wa David Zendle na Paul Cairns wa mwaka 2018, uliohusisha maelfu ya wacheza gemu, ulikuta kwamba kadiri mtu alivyokuwa na dalili za uraibu wa kamari ndivyo alivyotumia pesa nyingi zaidi kwenye masanduku ya bahati ya namna hii. Utafiti huo hausemi kama sanduku ndilo linalozaa uraibu au uraibu ndio unaoliendea sanduku. Kwa mfanyabiashara mwenye dhamiri, majibu yote mawili ni mabaya.

Ningetaka pia tuzungumze kuhusu umri. Barani Ulaya mfumo wa PEGI umekuwa ukiupa mchezo wenu alama ya miaka 3, pamoja na onyo lililoanza mwaka 2020 kwamba ndani yake kuna manunuzi ya vitu vya kubahatisha. Ujerumani, chini ya vigezo vipya, walifikiri vingine: FC 24 ilipewa miaka 12, ilhali matoleo ya nyuma yaliruhusiwa kwa watoto wote. Nchini Tanzania Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kushiriki kamari, na duka la kubeti linaloonekana likimhudumia mwanafunzi aliyevaa sare linajua kwamba limekosea. Duka lenu halionekani. Limo ndani ya simu.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi kuliko mnavyodhani, na ndipo naomba mnivumilie niongee kwa urefu. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilikuwa salama na pakiti zenu kwa sababu ya umaskini wa miundombinu. Mashine za vibandani hazikuunganishwa na intaneti. Akaunti za mtandao wa PlayStation hazina Tanzania wala Kenya kwenye orodha ya nchi, na mtu hulazimika kujisajili kana kwamba anaishi kwingine, kasoro ambayo ni ya Sony na si yenu. Kadi za benki walikuwa nazo wachache. Halafu ikaja simu. Toleo lenu la simu, FC Mobile, linapakuliwa bure, linafanya kazi kwenye simu za bei ya kawaida, nalo limejengwa kuanzia msingi hadi paa juu ya pakiti. Mwaka 2018 Google iliruhusu wateja wa Kenya kulipia Play Store kwa M-Pesa. Maana yake ni kwamba kijana asiye na benki, asiye na konsoli, asiye na mtu mzima aliyekaa karibu naye, sasa anaweza kununua bahati kwa namba ya siri ya tarakimu nne, kwenye simu ambayo huenda ni ya mama yake. Kibanda kilikuwa na mwenye kibanda aliyewafahamu watoto wa mtaa na kuwafukuza saa za shule, au angalau aliyejua kwamba wazazi wanaweza kumfuata. Simu haina mtu wa kufuatwa.

Na kijana huyu haishi mahali pasipo na kamari nyingine. Anapita kwenye mabango ya kubeti akienda shule, anasikia watu wazima wakizungumzia mikeka yao ya wikiendi kama wanavyozungumzia mvua, na hata kibandani wapo wanaowekeana dau juu ya mechi. Sisemi kwamba ninyi ndio mlioileta kamari Afrika Mashariki; ilikuwepo, na tuna serikali zetu za kuulizwa kuhusu hilo. Ninachosema ni kwamba mchezo wenu ulikuwa mojawapo ya sehemu chache ambazo mpira ulipatikana bila mkeka, na sasa mnaugeuza kuwa darasa la awali la mkeka: lipa kidogo, subiri mwanga, ukose, ujaribu tena.

Mtanijibu, na mna haki, kwamba huku kwetu watu wengi walicheza nakala za kuchoma, na kwamba kampuni haiwezi kudaiwa na wasioilipa. Ni kweli kwamba diski nyingi za PlayStation 2 zilizozunguka mitaani kwetu hazikuwaletea senti. Lakini ni kweli pia kwamba dukani diski halali ilikuwa haipatikani kirahisi, na ilipopatikana bei yake ilikuwa imepangwa kwa mshahara wa nchi nyingine. Hata ninyi mliwahi kuuza bidhaa ya zamani kama toleo jipya: matoleo ya FIFA kwa Nintendo Switch kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 yaliitwa Legacy Edition, nayo yalikuwa mchezo uleule wa miaka ya nyuma wenye jezi mpya na majina mapya. Deni la nakala za kuchoma nalikubali. Silioni kama ni la kulipwa na mtoto wa leo kupitia pakiti.

Nitagusa kwa kifupi lawama moja ambayo siikubali, ili msidhani kwamba nakusanya kila jiwe. Vibandani wote wanaapa kwamba mchezo umepangwa, kwamba mashine huamua nani afungwe dakika ya 90. Marekani watu walifungua kesi mwaka 2020 wakidai kwamba mnabadilisha ugumu wa mechi kisirisiri ili watu wanunue pakiti. Baada ya kuonyeshwa maelezo ya kiufundi, waliiondoa kesi hiyo mwaka uliofuata. Mimi nadhani dakika ya 90 tunafungwa kwa sababu tumechoka na tumewaacha mabeki peke yao. Lakini jiulizeni kwa nini tuhuma hiyo inaaminika kirahisi hivyo. Watu wanaofungua pakiti wakijua kwamba hesabu imefichwa ndani yake hawatashindwa kuamini kwamba hesabu imefichwa uwanjani pia. Mmeuchafua uwanja kwa vumbi la duka.

Na duka limeula uwanja kwa namna nyingine pia. Kila mwaka mambo mapya ya Ultimate Team ni mengi, yana matangazo, yana kadi za kila juma. Career Mode husubiri mabadiliko kwa miaka, na mechi ya kawaida ya pedi mbili, ile iliyokijenga kibanda, inabaki karibu ilivyokuwa. Sihitaji kukaa kwenye vikao vyenu ili kujua sababu yake. Pesa haiko huko. Mwezi Septemba 2023, kabla FC 24 haijatoka, matoleo ya FIFA ya nyuma yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, na kwa mtu ambaye mashine yake haiwezi kucheza toleo jipya hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa mlango. Mwenye diski pekee ndiye aliyesalimika.

Linganisheni kasi ya duka kutufikia na kasi ya mpira wenu kutufikia. Katika mchezo unaojivunia maelfu ya wachezaji wenye leseni, hakuna Simba wala Yanga, hakuna Gor Mahia wala AFC Leopards, hakuna Taifa Stars. TP Mazembe walifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Hazikuwa klabu za kujificha. Utangazaji wa mechi upo kwa Kiarabu, Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo, ingawa ligi ya Tanzania hutangazwa kwa Kiswahili kila wiki na watu wenye maneno matamu kuliko hao mliowarekodi. Sikuandika barua hii kudai timu, na wala sitaki mnipe Simba ndani ya pakiti. Nataka mwone tu mpangilio wa mambo: kaunta ya malipo imetufikia kabla ya timu, kabla ya ligi, kabla ya lugha.

Sasa niwageukie wanunuzi, yaani Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, Silver Lake na Affinity Partners. Bei mliyotangaza ni dola bilioni 55, na kati ya hizo bilioni 20 ni mkopo. Mkopo hulipwa. Ninyi mtakapotafuta mahali pa kuulipia mtaona mstari wa Ultimate Team kwenye hesabu, nao utawaita, kwa sababu ndio mstari unaoweza kuongezwa bila kutengeneza mchezo bora zaidi: inatosha kupunguza uwezekano kidogo hapa na kuongeza ofa ya saa 24 pale. Naomba mjue mapema kwamba mnaponunua kampuni hii mnanunua pia imani ya watoto wanaoamini kwamba anayefungwa amefungwa kwa haki. Imani hiyo haimo kwenye mizania, ila bila hiyo hakuna atakayekuja kufungua pakiti.

Kuhusu utekelezaji, sioni ugumu wa kiufundi. Toleo la Ubelgiji lipo, limefanya kazi tangu 2019, na kuzima uuzaji wa pointi kwa nchi moja moja ni jambo mnaloliweza. Iwapo mtasema kwamba hilo ni kubwa mno kwa kuanzia, basi kuna njia ya katikati ambayo mliibuni wenyewe: mwezi Juni 2021, ndani ya FIFA 21, mlijaribu pakiti zinazoonyesha kilichomo kabla ya mtu kulipa. Pakiti ya namna hiyo ni bidhaa. Mtu anaiona, anaipima na mfuko wake, anaamua. Fanyeni kila pakiti inayouzwa kwa pesa katika ukanda wetu iwe hivyo, kwenye konsoli na kwenye FC Mobile, na andikeni uwezekano kwa namba kamili badala ya "chini ya 1%". Wekeni pia kikomo cha matumizi kwa mwezi ambacho kimewashwa tangu mwanzo, si kile ambacho mzazi anatakiwa kukitafuta kwenye menyu ya Kiingereza.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitakuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Nina hakika idara yenu ya masoko imeshaiona tarehe hiyo, na kwamba kutakuwa na kadi maalumu, ofa maalumu na pakiti zenye rangi za bendera zetu. Ningeomba uamuzi kuhusu ombi hili utolewe kabla ya kampeni hiyo kuanza, uwe wa maandishi, na kama ni wa kukataa, ueleze kwa hoja ni nini kinachowezekana Brussels na kisichowezekana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Wenu katika mchezo,

Mwalimu wa sekondari na mchezaji,
Morogoro, Tanzania

Nakala: Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania